Kununua Mustang, Challenger au Camaro iliyotumika ukiwa Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayeishi Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, ambaye moyo wake umeshatua kwenye gari la Kimarekani lenye injini kubwa mbele na magurudumu ya nyuma yanayosukuma. Hatumkatazi, maana ni magari mazuri na yanastahili kupendwa. Tunachotaka ni anunue lile litakalopanda Kitonga mwaka wa tatu kama lilivyopanda siku ya kwanza, na kama halipo, aachane nalo kabla fedha haijatoka.

Kwa barabara zetu, gari la namna hii linafaa kweli?

Linamfaa mtu ambaye safari zake nyingi ziko kwenye lami: Uyole hadi Mbalizi, Iringa hadi Mafinga, Makambako hadi Njombe. Halimfai ambaye kutoka lami hadi getini kwake kuna kilomita mbili za udongo mwekundu. Mustang ya kuanzia mwaka 2015 ina nafasi ya takriban sentimita 14 kati ya tumbo lake na ardhi, na bampa ya mbele imetangulia mbali mbele ya tairi. Tuta lililojengwa kwa jazba hukutana na plastiki ya chini kabla tairi halijaligusa.

Plastiki hizo si pambo. Ndizo zinazoelekeza hewa kwenye rejeta, na zikishang'oka injini huanza kupata joto mlimani huku mwenye gari akihangaika na rejeta isiyo na kosa. Kwa hiyo kabla ya kutafuta gari, pima njia yako kwanza. Chukua rula, shuka kwenye kila tuta na kila kivuko cha mtaro kati ya nyumbani na kazini. Kikiwepo kimoja chenye nundu fupi inayozidi sentimita 12, utakuwa unakwangua kila siku, asubuhi na jioni.

Kuna jambo la mvua pia. Kuanzia Novemba hadi Aprili tairi la nyuma lenye upana wa milimita 275 halikati tope, hulielea. Ukiliegesha shambani mvua ikanyesha, utalitoa kwa trekta.

Usukani wa kushoto una shida gani? Malori ya Zambia si yanao?

Dereva wa lori ameketi juu, na mara nyingi yeye ndiye anayepitwa. Wewe umeketi chini, upande wa mtaro, nyuma ya semitrela yenye urefu wa zaidi ya mita 15, na ili uone kama mbele kunapitika lazima nusu ya gari lako iwe tayari upande wa pili. Kati ya Igawa na Uyole, au kwenye kona za Inyala, hilo ni hatari ambayo nguvu za farasi haziiondoi.

Tatizo la pili halisemwi sana. Taa za gari lililotengenezwa kwa ajili ya Marekani hunyanyua mwanga upande wa kulia, kwa sababu kule ndiko uliko ukingo wa barabara. Hapa kwetu upande wa kulia ndipo anapotokea mwenzako, nawe unamchoma macho hata ukiwa umeshusha taa. Kuzilenga chini kunapunguza ukali, lakini umbo la mwanga linabaki lilelile. Dawa ni kubadilisha taa zenyewe, na kwa Mustang taa za toleo la Uingereza zipo ila bei yake inauma.

Spidomita za huko pia hutangulizia maili. Kilomita 50 za vijijini ni maili 31, na 80 ni maili 50. Zikariri, maana askari wa Igurusi hasomi maili.

Nimepata lililohamishwa usukani kwenda kulia. Nilichukue?

Tunashauri ukatae. Kazi hiyo inagusa ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, dashibodi, reki ya usukani, pampu ya breki, waya na mkoba wa hewa wa dereva. Wapo wanaoifanya vizuri duniani, lakini kuithibitisha kazi yao kunahitaji kufumua dashibodi, na hakuna muuzaji atakayekuruhusu.

Basi yapi yametoka kiwandani na usukani wa kulia?

Ford Mustang kuanzia toleo la 2015, ambalo lilikuwa la kwanza kutengenezwa hivyo na kiwanda chenyewe. Yanapatikana Uingereza, Australia na Afrika Kusini. Japani tahadhari, kwa sababu Mustang nyingi zilizouzwa kule ni za usukani wa kushoto japo nchi yenyewe inaendesha kama sisi. Camaro na Challenger za kiwandani ni za usukani wa kushoto, na muuzaji anayekutajia Challenger ya kulia anakuuzia iliyohamishwa.

Yako magari mengine mawili ambayo watu hupita bila kuyatazama. Chrysler 300C ilitengenezwa pia kwa usukani wa kulia, na ukipata yenye Hemi 5.7, yaani V8 ya Chrysler na Dodge ya lita 5.7, umepata moyo uleule wa Challenger ndani ya gari la milango minne. Na Jeep Grand Cherokee yenye Hemi 5.7, pia ya kulia, hukupa mngurumo uleule pamoja na nafasi ya kutosha juu ya matuta na magurudumu manne yanayovuta. Kwa anayeishi Rungwe au Makete, hiyo Jeep ndiyo jibu letu la kwanza.

Kati ya Mustang ya V8 lita 5.0 na ile ya turbo lita 2.3, ipi inafaa mwinuko wetu?

Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya bahari. V8 ya 2015 ya toleo la Marekani, yenye nguvu za farasi 435 kwenye karatasi, hapa inabaki na kama 360. Ile ya turbo, nguvu 310, huweza kusukuma hewa zaidi na kurudisha sehemu kubwa ya upungufu. Ndiyo maana ukiwa Njombe tofauti kati ya hizo mbili hupungua kuliko karatasi inavyosema.

Hata hivyo, tungenunua V8 ya 2015 hadi 2017. Sababu ni mafuta. V8 ya miaka hiyo hunyunyiza petroli kwenye njia ya hewa kwa presha ndogo, na nozeli zake huvumilia uchafu kidogo. Ile ya 2.3 hunyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa sana, na petroli iliyokaa kwenye dumu au tangi lenye maji huua nozeli na pampu. V8 ya kuanzia 2018 ina mifumo yote miwili, kwa hiyo ina nguvu zaidi na mambo mengi zaidi ya kuharibika. Kikodi hakuna nafuu ya maana kwa kuchagua 2.3, kwani zote zimevuka sisi 2,000.

Inakunywa kiasi gani? Na petroli yetu inaitosha?

V8 yenye gia otomatiki hutumia karibu lita 15 kwa kilomita 100 mjini na lita 9 hadi 10 barabara kuu. Mbeya hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 830, kwa hiyo weka hesabu ya lita 80 hadi 95 kutegemea malori na milima. Tangi lina lita 60, na huwezi kufika bila kuongeza. Zidisha kwa bei kikomo ya EWURA ya mwezi husika na utapata gharama ya safari.

Kuhusu oktani, watu wengi huchanganya. Namba za pampu za Marekani hupimwa kwa njia nyingine: 87 ya kwao ni kama 91 au 92 ya vipimo vyetu, na 91 yao ni kama 95. Mustang ya 5.0 imeruhusiwa 87 ya Marekani, kwa hiyo petroli nzuri ya kituo chenye mauzo mengi inaitosha. Hemi 5.7 hupendelea 89 yao. Hemi 6.4 na Camaro ya 2016 na kuendelea yenye V8 zinataka 91 yao, na hizo usizijaze pasipojulikana. Mwinuko unasaidia kidogo hapa, kwani hewa nyepesi hupunguza injini kugonga.

Kodi ya kuliingiza inakuwaje?

Piga hesabu kwa 100 ili uone umbo lake. Bei ya gari pamoja na bima na meli hadi Dar es Salaam ni 100. Ushuru wa forodha asilimia 25 unaifikisha 125. Juu ya hiyo 125 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi sisi 2,000, yaani 12.5. Halafu unakuja ushuru wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 asilimia 15, linalozidi miaka 10 asilimia 30. Mwisho VAT asilimia 18 juu ya jumla yote.

Kwa gari lililozidi miaka 10: 125 na 12.5 na 37.5 ni 175, na VAT yake 31.5. Jumla 206.5. Umelinunua mara mbili. Gari lisilofika miaka 8 linaishia 162.25. Juu ya hapo zipo tozo ndogo za reli na uchakataji wa forodha, pamoja na bandari, wakala na usajili. Bajeti ya kila mwaka huweza kugusa viwango kuanzia Julai 1, kwa hiyo kabla ya kutuma hata senti ingia kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika. TRA ina thamani yake kwa kila aina na mwaka, na risiti yako ya bei ya chini haitaibadilisha.

Mara nyingi gari jipya zaidi kwa miaka miwili hulipa tofauti yake kwenye kodi pekee. Linganisha bei ya mwisho getini kwako, usilinganishe bei ya mnadani.

Lipo moja Tunduma limetoka Afrika Kusini, bei ni nzuri mno. Niwahi?

Usiwahi. Bei nzuri mno mpakani huwa na moja kati ya mambo matatu: limeibwa, linadaiwa na benki kule lilikotoka, au ushuru wake haujalipwa. Dai kibali cha polisi wa Afrika Kusini na hati ya usajili ya kule, kisha peleka namba ya chesisi polisi ikaangaliwe kwenye kumbukumbu za Interpol kabla ya malipo. Muuzaji halali hataona vibaya kusubiri siku chache. Anayekuambia kuna mteja mwingine anatoka Mlowo na fedha taslimu, mwachie huyo mteja.

Ukinunua lililokwishasajiliwa hapa nchini, thibitisha kadi TRA, angalia faini za barabarani kwa namba ya gari, na andikishaneni mbele ya wakili.

Nitajuaje kama ni GT kweli, yaani Mustang ya V8, na si nembo tu?

Soma namba ya chesisi, herufi na tarakimu 17, kupitia kioo cha mbele upande wa kushoto wa dashibodi na kwenye stika ya mlango. Kwa Mustang za 2015 hadi 2017 herufi ya nane inataja injini: F ni V8 lita 5.0, H ni turbo lita 2.3, M ni V6 lita 3.7. Herufi ya kumi ni mwaka wa toleo: F ni 2015, G 2016, H 2017, J 2018, K 2019, L 2020. Nembo ya GT hununuliwa kwa bei ya chakula cha mchana, na V6 zilizovikwa nembo hiyo zipo nyingi.

Kwa gari la Uingereza, historia ya ukaguzi wa kila mwaka inasomeka bure mtandaoni kwa namba yake ya usajili ya kule, pamoja na maili lilizotembea kila mwaka. Soma maoni ya wakaguzi kuhusu kutu. Kwa gari la Marekani tazama hati ya umiliki. Ikiwa na neno 'Salvage' au 'Rebuilt', bima ya huko ililifuta baada ya ajali au mafuriko. Halina bei ya gari zima, hata lingeng'aa namna gani.

Nikaguaje siku ya kulitazama?

Nenda asubuhi mapema, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa na joto wakati ni saa moja asubuhi ya Julai, kuna sauti ya injini baridi ambayo hutakiwi kuisikia. Ahirisha.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha oili na chungulia kwa tochi. Utando wa rangi ya maziwa ni maji ndani ya oili, ingawa kwenye baridi yetu utando mwembamba kwenye kifuniko pekee huweza kuwa mvuke wa safari fupi. Hakikisha kwa kuchomoa kijiti cha oili: kikiwa safi, ni mvuke, na kikiwa na maziwa, ni gasketi. Tazama chupa ya kulanti. Maji matupu yenye rangi ya kutu yanakueleza gari limetunzwaje.

Washa, kaa kimya dakika moja. Moshi wa buluu unaotoka kwa sekunde chache kisha ukapotea ni sili za valvu. Moshi mweupe usiokwisha gari likipata moto ni kulanti inayoungua, na kwenye ile ya turbo 2.3 hilo ndilo la kuogopa kuliko yote. Washa kiyoyozi na uhakikishe feni ya rejeta inazunguka.

Kisha kompyuta. Magari yote ya Marekani kuanzia 1996 yana tundu la kupimia chini ya dashibodi, na kifaa cha Bluetooth cha bei ndogo kinatosha kusoma. Usiangalie namba za makosa tu. Fungua ukurasa wa majaribio ya ndani ya mfumo. Kama yote yanaonyesha hayajakamilika, kuna mtu amefuta makosa jana au leo asubuhi. Kosa P0420 huku chini kuna bomba jipya lililochomelewa, maana yake katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi, imekatwa na kuuzwa. P0128 maana yake injini haifiki joto lake, na mara nyingi ni kwa sababu fundi ameondoa thamostati ili kuficha kuchemsha.

Kwa bodi, tembeza sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye milango na mabawa ya nyuma. Pale isiponasa kuna puti. Boneti ya Mustang ni ya alumini na sumaku haitanasa hata kama ni nzima, kwa hiyo usimlaumu muuzaji. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake: mstari wa matope au harufu ya ukungu ni mafuriko. Tazama boliti za reli za viti. Kutu hapo, ndani ya gari, haitokani na hewa ya Mbeya.

Ukipata fundi mwenye geji ya kompresheni, pima silinda zote nane. Hapa kuna kosa linalowaponza watu: geji husoma chini kwenye mwinuko. Injini inayotoa psi 180 Dar es Salaam itatoa kama 150 Mbeya na ni nzima. Usitafute namba ya kitabuni, tafuta usawa. Silinda ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ile ya juu kabisa.

Hemi inagonga tik-tik. Ni kawaida?

Sikiliza inaondoka lini. Ikigonga ikiwa baridi na kunyamaza baada ya dakika chache, mara nyingi ni boliti ya manifoldi ya ekzosi iliyokatika: chuma kikipata moto hutanuka na kuziba upenyo. Inarekebishika, japo kung'oa kisiki cha boliti kwenye kichwa cha alumini kunataka mkono mtulivu.

Ikiendelea kugonga ikiwa na moto, na hasa ikiambatana na silinda moja kukosa kuwaka, ni tapeti iliyokwama na inayoila kemushafti. Kwenye Hemi tapeti hazitoki bila kufungua vichwa vyote viwili. Hiyo ni tapeti 16, kemushafti, gasketi, boliti mpya za vichwa na oili iliyojaa vumbi la chuma. Kwa hiyo au bei ishuke kwa gharama yote hiyo, au uondoke. Camaro SS otomatiki za 2010 hadi 2015 zina udhaifu unaofanana, kwa kuwa nazo hulaza silinda nne ili kuokoa mafuta. Zile za gia za mkono za miaka hiyo hazina mfumo huo, na ndizo bora.

Plagi za Hemi 5.7 ni 16, mbili kwa kila silinda. Fundi akikutajia bei ya nane, hajawahi kuigusa.

Gia otomatiki au za mkono?

Otomatiki ya gia 6 ya Mustang za 2015 hadi 2017 ndiyo tunayoiamini. Ile ya gia 10 ya kuanzia 2018 ina malalamiko ya kusita na kupiga teke. Ijaribu kati ya kilomita 20 na 60 kwa saa, mguu mwepesi, mara kumi. Ya mkono huwa ngumu kuingia namba mbili asubuhi ya baridi. Ugumu kidogo unavumilika, lakini kusaga meno hakuvumiliki.

Kinachoua gia hizi huku kwetu ni mafuta yasiyo yake. Gia 6 inataka Mercon LV, gia 10 inataka Mercon ULV, na Challenger ya gia 8 ina mafuta yake peke yake. Oili nyekundu ya kawaida ya dukani ikiingia humo, klachi za ndani huanza kuteleza na ukarabati wake unakaribia bei ya gari dogo.

Kitonga italichemsha?

Gari zima halichemki. Ukitoka Ruaha Mbuyuni kwenye joto na kuanza kupanda nyuma ya foleni ya malori, hewa ya kasi haipo, na injini nzima inategemea feni na kulanti. Mbeya maji matupu huchemka kwenye nyuzi kama 94, si 100. Ni presha ya kifuniko cha kulanti pamoja na kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi ndivyo vinavyoinua kiwango hicho. Kifuniko kilicholegea kinatosha kukuacha kando ya barabara, na ni spea ya bei ndogo kuliko zote zilizotajwa hapa.

Ukishuka, tumia gia. Weka ya pili au ya tatu kabla ya mteremko kuanza, na breki uziguse kwa vipindi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyokwenda, na yenye maji huchemka ndani ya bomba hadi pedali inazama. Yabadilishe kila miaka miwili, ya DOT 4.

Matairi na rimu nitapata hapa?

Mustang za V8 za toleo la Uingereza hutumia 255/40R19 mbele na 275/40R19 nyuma. Usitegemee kuyakuta Mwanjelwa siku ya pancha. Agiza Dar es Salaam mapema, na usome tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Wengi hujaribu rimu za Toyota kwa kuwa matundu ya boliti yanalingana, matano kwa 114.3. Hazikai. Tundu la katikati la Toyota ni milimita 60.1 na kitovu cha Mustang ni 70.5. Nati pia ni nene zaidi, milimita 14 badala ya 12. Rimu za inchi 18 za Mustang ya kawaida nazo hugonga breki kubwa za Brembo. Na jambo la muhimu kuliko haya yote: Mustang nyingi hazina tairi la akiba, zina chupa ya gundi na kipampu. Gundi haizibi tairi lililopasuliwa na shimo usiku pale Igawa. Tafuta tairi jembamba la akiba la Mustang lenye kupita juu ya Brembo kabla ya safari ya kwanza ndefu.

Spea na mafundi je?

Spea nyingi hupitia Dubai, ambako magari haya ni mengi, halafu Dar es Salaam. Hesabu wiki, si siku. Kwa sababu hiyo vifaa vidogo vinavyoweza kukulaza vikae nyumbani: mkanda wa injini, koili mbili, plagi seti moja, thamostati, kifuniko cha kulanti, hozi za juu na chini za rejeta, filta tatu za oili.

Mafundi wa Mbeya na Iringa wazuri wa chini ya gari wapo: bushi, bolojointi, breki, shokapu, wanafanya vizuri. Penye shida ni umeme na kompyuta. Tafuta anayejua programu ya FORScan kwa Ford, umjue kabla gari halijafika. Oili ya injini nunua mwenyewe: V8 ya 5.0 ya 2015 hadi 2017 inameza lita 7.6 za 5W-20, ile ya 2018 lita 9.5, ya turbo 2.3 lita 5.7 za 5W-30, Hemi 5.7 lita 6.6 za 5W-20. Usikubali 20W-50 kwa hoja kwamba nchi yetu ina joto. Asubuhi ya Juni huku hakuna joto, na oili nzito huchelewa kufika kwenye tapeti zinazoendeshwa kwa presha ya oili hiyohiyo.

Nasikia mikoba ya hewa ya magari haya inaua. Ni kweli?

Ni kweli kwa baadhi, na hapa hatufanyi mzaha. Mikoba ya Takata iliyofungwa kwenye Mustang za 2005 hadi 2014, Challenger za 2008 hadi 2014, na Chrysler 300 na Dodge Charger za miaka ya jirani na hiyo, iliitwa irudishwe kiwandani. Kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu, na mkoba ukifyatuka hurusha vipande vya chuma usoni. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, bure, kwa gari la toleo la Marekani. Kama kazi haijafanyika, usilinunue, maana hakuna wa kukufanyia huku.

Na Mustang ya miaka ya 1960?

Mustang ilizinduliwa Aprili 17, 1964, na za miaka ile zina uzuri ambao hakuna jipya lililoufikia. Lakini hilo liwe gari la pili, la Jumapili. Kabureta yake ikitoka usawa wa bahari itaoga petroli huku: kwa kabureta ya Holley punguza jeti namba moja kwa kila mita 600 hivi, yaani namba mbili au tatu kwa Mbeya. Spana ni za inchi. Valvu zilizotegemea petroli yenye risasi zinahitaji viti vigumu, kwa hiyo uliza kama vichwa vimeshafanyiwa kazi hiyo.

Mwaga lita mbili za maji kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, kisha tazama miguuni mwa dereva na abiria. Maji yakitokea ndani, bati la pale limeoza, na kulifikia fundi lazima akate chuma cha juu. Ni kutu inayoficha gharama kuliko zote.

Bima itakubali?

Ulizia kabla. Bima kubwa inataka thamani, na magari haya hayana bei ya soko huku, kwa hiyo dai thamani mliyokubaliana iandikwe kwenye mkataba, na uulize kuhusu usukani wa kushoto.

Nibakize kiasi gani baada ya kununua?

Robo ya bei yote ya getini, isiyoguswa, kwa mwaka wa kwanza. Ikiwa kulinunua kutakumalizia, nunua la bei ya chini lenye historia nzuri zaidi, au subiri.

Wiki ya kwanza nifanye nini?

Badilisha oili na filta, mafuta ya breki, kulanti, na mafuta ya difu. Difu ya kugawa nguvu inahitaji kiongezeo chake, vinginevyo italia kwenye kona. Kagua hozi zote zenye viungo vya plastiki. Hakikisha umepewa funguo mbili: Ford hukuruhusu kuongeza ufunguo mpya bila kompyuta ukiwa tu na mbili zinazofanya kazi, na ukiwa na mmoja ukapotea Tukuyu, gari litasubiri mtu wa kutoka Dar es Salaam. Kisha liendeshe siku saba ndani ya mji, ukitazama sakafu ya maegesho kila asubuhi, kabla hujalipeleka Kitonga.